Tovuti Ikigoma Kuongea na Hifadhidata: Mwongozo wa Kutibu na Kutunza kwenye Hostingi ya Pamoja

"Kaka, site imekufa. Na majina ya usaili yametoka leo."

Simu hiyo niliipokea saa nne usiku, kutoka kwa kijana anayeendesha tovuti ya matangazo ya ajira. Anayezijua tovuti za aina hiyo anajua kwamba siku ya majina ya walioitwa kwenye usaili ndiyo siku ya mavuno. Kiungo kimoja kikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanamiminika kama kuna ubwabwa. Nilimuuliza skrini inaandika nini, akanisomea: "Error establishing a database connection". Nikamwambia asiguse kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimeshaifuta, kaka. Nilitaka niiweke upya."

Alichofuta ni hifadhidata, au databesi kama tunavyosema kazini, ghala ambamo tovuti huweka makala na taarifa zake, na ilikuwa nzima kabisa. Seva ilikuwa imekataa wageni waliozidi kiwango, ingefunguka yenyewe wimbi likipita. Nakala iliyokuwa kwa kampuni ya hostingi, inayomkodisha nafasi kwenye seva, ilikuwa ya siku sita nyuma, hivyo kazi ya siku sita ikaenda na maji. Tangu hapo kila mteja mpya namwambia jambo moja kabla hata hatujapatana bei: hifadhidata ya tovuti ndogo ni nadra kuharibika yenyewe. Kinachokatika mara nyingi ni njia ya kuifikia, na kinachoiua ni mkono wa mwenyewe siku ya taharuki.

Mwongozo huu ni wa WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) iliyo kwenye akaunti ya cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi), yenye MySQL au MariaDB (programu za hifadhidata) na phpMyAdmin (ukurasa wa kuifungulia hifadhidata), kwa sababu ndivyo zilivyo tovuti nyingi ninazoitwa kuzitengeneza. Katika mifano, akaunti nimeiita mwambao, hifadhidata mwambao_tovuti, na mtumiaji wake mwambao_mtu. Weka majina yako.

## Umepanga chumba, hukujenga nyumba

Hostingi ya pamoja ni nyumba ya kupanga. Uani ni mmoja, na mita ya LUKU ni moja. Jirani akiwasha pasi, jiko na friji kwa pamoja, uniti zinakwisha na wewe unakaa gizani hata kama ulikuwa na taa moja tu. Seva moja ya MySQL inahudumia mamia ya akaunti, kwa hiyo mwenye nyumba ameweka mipaka: idadi ya miunganisho kwa kila mtumiaji, kumbukumbu, nguvu ya kichakataji.

Maana yake ni kwamba yapo mambo huwezi kuyafanya, na ni bora uyajue mapema usije ukapoteza usiku mzima. Huwezi kuwasha upya MySQL. Huwezi kubadili mipangilio ya seva kama max_allowed_packet. Huwezi kuunda hifadhidata ndani ya phpMyAdmin. Inaundwa kwenye cPanel, nayo hulitanguliza jina la akaunti yako. Mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa mtu mwenye seva yake mwenyewe. Ukiona mtu anakuambia uhariri my.cnf, faili la mipangilio ya MySQL ya seva, ujue hazungumzi nawe.

## Hatua ya kwanza: nakala kabla ya kugusa

Hata kama tovuti imezimika, phpMyAdmin mara nyingi inafunguka. Ingia kupitia cPanel, chagua hifadhidata yako upande wa kushoto, bofya Export, chagua Custom, na kwenye ukandamizaji chagua gzipped. Shusha faili lije kwenye kompyuta yako.

Sasa lifungue ulitazame mwisho wake. Watu wengi huruka kipengele hiki. Hifadhidata ikiwa kubwa, muda wa PHP unaweza kuisha kabla ya kazi, na faili likakatwa katikati bila onyo. Faili la phpMyAdmin lililokamilika huishia karibu na neno COMMIT na mistari michache ya kurudisha mipangilio ya herufi. Lililotengenezwa kwa mysqldump mara nyingi huishia na mstari "-- Dump completed". Ukikuta limeishia katikati ya habari ya wiki jana, huna nakala.

Kama cPanel yako ina Terminal, dirisha la kuandikia amri, njia hii ni ya uhakika zaidi:

```
mysqldump --single-transaction --no-tablespaces --default-character-set=utf8mb4 -u mwambao_mtu -p mwambao_tovuti | gzip > ~/nakala/tovuti.sql.gz
```

Folda ya nakala iundwe kwanza. Kwa majedwali ya InnoDB, aina nitakayoieleza mbele, chaguo la single-transaction linafanya nakala iwe picha ya wakati mmoja hata kama wateja wanaendelea kuagiza. Lile la no-tablespaces linaepusha lalamiko la ruhusa ya PROCESS, ambayo kwenye hostingi ya pamoja hupewi.

Usiliache faili la .sql ndani ya public_html, folda ambayo yeyote mtandaoni anaifikia. Nimeshuhudia mtu akiweka backup.sql hapo "kwa dakika mbili", akalisahau mwaka mzima. Roboti zinazopita kutafuta majina kama hayo hazilali. Ndani ya faili hilo mna barua pepe za wateja, namba za simu, anwani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, na hakuna hata moja inayokubali utetezi wa "nilisahau".

## Hatua ya pili: mlazimishe mgonjwa aseme panapouma

Ule ujumbe wa WordPress unasema tu kwamba mazungumzo na hifadhidata yameshindikana, bila sababu. Sababu ina namba, na namba ndiyo dawa. Unda faili dogo ndani ya public_html, lipe jina lisilokisika, mfano pima-83k2.php, uandike:

```
<?php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);
$m = @mysqli_connect('localhost', 'mwambao_mtu', 'NENOSIRI', 'mwambao_tovuti');
echo $m ? 'Imeunganika' : mysqli_connect_errno() . ' ' . mysqli_connect_error();
```

Taarifa za kujaza zichukue kama zilivyo kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress: DB_USER, DB_PASSWORD, DB_NAME na DB_HOST. Lifungue kwenye kivinjari, soma jibu, kisha lifute hapohapo. Faili hilo lina nenosiri lako.

1045. Jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi. Usihangaike kukumbuka. Nenda kwenye ukurasa wa hifadhidata ndani ya cPanel, badili nenosiri la mtumiaji, libandike jipya kwenye wp-config.php. Angalia alama za nukuu zilizolizunguka. Ziwe zile zilizonyooka, kwani ukinakili mistari kupitia programu ya kuandikia barua, nukuu hujipinda na PHP haizitambui. Nenosiri lenye alama ya nukuu ndani yake nalo litaukata mstari vipande viwili.

1044. Mtumiaji yupo na nenosiri ni sahihi, lakini hajapewa ruhusa kwenye hifadhidata hiyo. Hutokea sana baada ya kuhama. Mtu anaunda hifadhidata, anaunda mtumiaji, anasahau kuwaunganisha. Kwenye ukurasa uleule tafuta sehemu ya kumwongeza mtumiaji kwenye hifadhidata, umpe ruhusa zote.

1049. Hifadhidata yenye jina hilo haipo. Kabla hujapiga yowe, linganisha herufi kwa herufi. Ukihama kampuni, jina la akaunti hubadilika, na kilichokuwa mwambao_tovuti kinaweza sasa kuwa mwambaot_tovuti.

2002. Seva ya MySQL haipatikani kabisa: ama imelala, ama DB_HOST imekosewa. Neno localhost humfanya PHP apite kwenye soketi ya ndani ya mashine. Kampuni chache huweka hifadhidata kwenye mashine nyingine na kukupa anwani yake. Kama jana ilifanya kazi na hukubadili chochote, tatizo ni la mwenye nyumba. Mwandikie ukitaja saa, namba ya kosa, jina la hifadhidata na kipimo ulichofanya. Ukiandika "site haifunguki naomba msaada", utajibiwa ufute kashe ya kivinjari.

1226, 1203 na 1040. Hizi ni za msongamano. Mbili za kwanza zinakuhusu wewe: umefikisha kikomo cha miunganisho ya mtumiaji wako. Ya 1040 ni seva nzima imejaa. Hapa ndipo alipokuwa kijana wangu wa ajira, na panahitaji maelezo zaidi.

## Msongamano

Kila mgeni anayefungua ukurasa wa WordPress usio na kashe anaifanya PHP ifungue muunganisho mmoja na kuushikilia hadi ukurasa ukamilike. Ukurasa ukichukua nusu sekunde, miunganisho thelathini inabeba watu wengi. Ukichukua sekunde nne, watu wanane tu kwa sekunde wanatosha kukufikisha kikomoni. Kwa hiyo dawa ni kupunguza safari za kwenda kwenye hifadhidata, halafu kuzifanya zilizobaki ziwe fupi. Kuomba kikomo kikubwa ni kuomba ndoo kubwa wakati bomba linavuja.

Anza na kashe ya kurasa. Plagini (programu ndogo ya kuiongezea WordPress uwezo) ya kashe huhifadhi ukurasa uliokwisha kutengenezwa kama HTML, na mgeni wa pili hadi wa elfu kumi wanapewa huohuo bila MySQL kusumbuliwa. Seva ikiwa ni ya LiteSpeed, tumia LiteSpeed Cache. Kwingineko WP Super Cache inatosha. Kwa tovuti ya matangazo, ambako wasomaji hawaingii kwa akaunti, hatua hii peke yake inamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kwa duka la WooCommerce, plagini ya kuuzia bidhaa, nafuu ni ndogo, maana kikapu na malipo havipaswi kuwekwa kwenye kashe.

Kisha tazama nani anashikilia laini. Ndani ya phpMyAdmin fungua sehemu ya SQL uandike:

```
SHOW FULL PROCESSLIST;
```

Utaona maombi yako yanayoendelea na sekunde zake. Swali lilelile likijirudia mara ishirini, limepata sekunde kumi na bado linahesabu, soma majedwali linayoyataja. Mara nyingi jina la plagini linajitaja lenyewe. Plagini za takwimu za wageni zinazoandika kila mbofyo kwenye hifadhidata yako ndizo ninazozikamata zaidi. Na zile za "makala zinazohusiana".

Angalia pia wp-cron. WordPress haina saa yake, hivyo hutumia ujio wa wageni kukagua kama kuna kazi iliyofika wakati wake. Siku ya wimbi, ukaguzi huo unakuwa mzigo. Weka kwenye wp-config.php:

```
define('DISABLE_WP_CRON', true);
```

halafu kwenye Cron Jobs ya cPanel weka amri ya kuiita kila dakika kumi na tano:

```
wget -q -O - https://ANWANI-YAKO/wp-cron.php?doing_wp_cron >/dev/null 2>&1
```

Ukiona skrini imeandika 508 Resource Limit Reached, jua si hifadhidata. Ni mipaka ya akaunti nzima, hasa idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja, ingawa kiini chake kinaweza kuwa swali lilelile la sekunde kumi.

## Jedwali lililovunjika

Ujumbe wake ni "is marked as crashed and should be repaired". Unawahusu hasa wenye majedwali ya aina ya MyISAM, aina ya zamani ambayo seva ikizimika ghafla katikati ya kuandika, jedwali linabaki limefunguka. InnoDB, ambayo ndiyo chaguo-msingi tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010, ina kumbukumbu ya kujirejesha yenyewe. Aina ya kila jedwali utaiona kwenye orodha ya phpMyAdmin, safu ya Type.

Kama ni MyISAM, cPanel ina kitufe cha kutengeneza hifadhidata kwenye ukurasa wa hifadhidata, au uandike REPAIR TABLE ukifuatisha jina la jedwali. WordPress nayo ina mlango wake. Weka define('WP_ALLOW_REPAIR', true); kwenye wp-config.php, ufungue /wp-admin/maint/repair.php, ukimaliza uutoe mstari huo. Ukurasa ule haudai nenosiri, kwa hiyo ukiuacha wazi yeyote anaweza kuubofya.

Likishapona, na nakala ikiwa mkononi, lihamishie InnoDB:

```
ALTER TABLE wp_posts ENGINE=InnoDB;
```

InnoDB ikiharibika kweli, na si jambo la kila siku, amri ya REPAIR haiifanyii kitu. Inayoweza kuiamsha ni mipangilio ya seva ambayo huna ruhusa nayo. Hapo ni kampuni, au nakala.

Ukikuta "Got error 28", hakuna kilichovunjika. Diski imejaa, mara nyingi folda ya muda ya seva yenyewe. Ripoti. Lakini kagua na kwako: faili la error_log lililonenepa hadi gigabaiti, nakala za zamani za plagini za bekapu, tovuti ya majaribio uliyoisahau. Nafasi ya akaunti ikiisha, picha hazipandi na nakala mpya zinakatwa njiani kimyakimya, ambalo ni baya kuliko kosa lenyewe.

## Kurejesha na kuhama, mahali penye mitego

Kupakia faili kwenye hifadhidata kunaonekana rahisi: Import, chagua faili, Go. Mitego iko hapa.

Wa kwanza ni ukubwa. phpMyAdmin huweka kikomo cha faili, nacho kimeandikwa hapohapo kwenye ukurasa wa Import. Faili likizidi, tumia Terminal:

```
gunzip < tovuti.sql.gz | mysql -u mwambao_mtu -p mwambao_tovuti
```

Wa pili ni 1044 wakati wa kupakia, ilhali ruhusa unazo. Fungua faili ulitazame juu. Litakuwa na CREATE DATABASE au USE likitaja jina la zamani. Futa mistari hiyo. Ukikuta 1227, tafuta neno DEFINER: limebeba jina la mtumiaji wa seva ya zamani, nalo liondolewe.

Wa tatu ni 1273, Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci. Huu una historia. Kampuni ya Sun iliinunua MySQL mwaka 2008, na baadaye Oracle ikajitokeza kuinunua Sun. Michael Widenius, mmoja wa walioanzisha MySQL, alitoka Sun na kuanzisha MariaDB, akiipa jina la binti yake mdogo Maria kama alivyoipa MySQL jina la binti yake mkubwa, My. Mabinti hao wa kifundi wamekua na kila mmoja ana tabia zake. Mpangilio huo wa herufi ulikuja na MySQL 8.0, na MariaDB nyingi zilizoko kwenye hostingi haziutambui. Kwenye faili lako badilisha utf8mb4_0900_ai_ci yote iwe utf8mb4_unicode_520_ci, upakie tena. Upande mwingine, faili lililotoka MariaDB tangu katikati ya 2024 laweza kuanza na mstari wenye maneno "enable the sandbox mode". Programu za mysql ambazo si za karibuni hukwama hapo. Ufute.

Wa nne unatuumiza sisi waandishi wa Kiswahili. Unahamisha tovuti, kila kitu kinafunguka, halafu ng'ombe wote wamegeuka "ngâ€™ombe". Alama ile ya ritifaa iliyopinda ilihifadhiwa kwa baiti tatu za UTF-8, ikasomwa kama latin1, kila baiti ikajitokeza kama herufi yake. Usianze kurekebisha neno moja moja kwa amri ya REPLACE. Ng'ombe watapona, "ng'ambo" na "ming'ao" watabaki, na baada ya siku mbili utakuwa umechanganya yaliyopona na yaliyougua. Futa majedwali yaliyopakiwa, rudi kwenye faili la asili, upakie ukichagua utf-8 kwenye orodha ya Character set. Kwenye amri ya Terminal ongeza --default-character-set=utf8mb4. Hakikisha DB_CHARSET kwenye wp-config.php ni utf8mb4, ambayo WordPress inaitumia tangu toleo 4.2 la mwaka 2015. Ile iitwayo utf8 tu ndani ya MySQL ina nafasi ya baiti tatu, kwa hiyo emoji haziingii.

Wa tano ni upakiaji uliokatika. Tovuti inasomeka vizuri lakini huwezi kuchapisha makala mpya, na kwenye kumbukumbu ya makosa kuna "Duplicate entry '0' for key 'PRIMARY'". phpMyAdmin huandika data kwanza, kisha funguo, halafu AUTO_INCREMENT, inayozipa makala mpya namba zenyewe, karibu na mwisho. Faili lilikatika baada ya funguo, kabla ya kufika kwenye AUTO_INCREMENT. Pakia upya lote.

Wa sita ni kubadili anwani. Ukitoka http kwenda https, au jina moja kwenda jingine, usitumie tafuta-na-badilisha ya kawaida ndani ya faili la SQL. WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa mtindo wa PHP unaotaja idadi ya baiti za kila neno. Ukibadili neno bila kubadili idadi, PHP inalikataa fungu zima, na wijeti na mipangilio ya themu vinapotea. Tumia WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za Terminal, inayohesabu upya, na kwanza kwa majaribio:

```
wp search-replace 'http://ya-zamani' 'https://mpya' --all-tables-with-prefix --dry-run
```

Ukiridhika na hesabu, ondoa --dry-run.

## Usafi wa kila mwezi

Anza kwa kujua uzito uko wapi:

```
SELECT table_name, engine, ROUND((data_length+index_length)/1048576,1) AS MB
FROM information_schema.TABLES
WHERE table_schema='mwambao_tovuti'
ORDER BY (data_length+index_length) DESC;
```

WordPress tupu ina majedwali 12. Ukikuta 90, plagini ulizozifuta miaka mitatu iliyopita ziliacha mizigo. Usifute jedwali usilolijua; tafuta jina lake kwanza, chukua nakala, ndipo uamue.

Jedwali ninalolitazama kwa jicho kali ni wp_options. Kila ukurasa unapofunguliwa, WordPress hubeba mistari yote iliyowekewa alama ya autoload, itumike isitumike. Ukaguzi wa afya wa WordPress huanza kulalamika mzigo huo ukifika KB 800. Mimi nimekutana na tovuti ya shule iliyobeba megabaiti kadhaa, karibu zote mabaki ya themu tatu za zamani.

```
SELECT option_name, LENGTH(option_value) AS ukubwa FROM wp_options
WHERE autoload IN ('yes','on','auto-on','auto')
ORDER BY ukubwa DESC LIMIT 20;
```

Mstari mkubwa wa plagini isiyokuwepo tena, badili autoload yake iwe 'no', uache wiki moja. Kama hakuna kilicholia, ufute.

Matoleo ya zamani ya makala ni mzigo mwingine. Makala iliyohifadhiwa mara arobaini ina nakala arobaini. Weka define('WP_POST_REVISIONS', 5); kwenye wp-config.php ili zisizidi tano. Za zamani zifutwe kwa WP-CLI badala ya amri ya DELETE, kwa sababu DELETE huacha mabaki kwenye wp_postmeta:

```
wp post delete $(wp post list --post_type=revision --format=ids) --force
wp transient delete --expired
```

Wenye WooCommerce waangalie wp_actionscheduler_actions na jedwali mwenza la logs. Yakifika mamilioni ya mistari, kuna kazi inayoshindwa na kujirudia. Itafute hiyo kabla ya kufagia.

Baada ya kufuta vingi, OPTIMIZE TABLE hurudisha nafasi. Kwa InnoDB itakujibu kwamba haina optimize na badala yake imelijenga jedwali upya. Hilo si kosa. Lakini kujenga upya kunahitaji nafasi ya ziada, hivyo usiifanye akaunti ikiwa imejaa, wala mchana wa siku ya mauzo.

## Nakala ya kila usiku

Nakala za kampuni zichukulie kama bahati. Tengeneza faili .my.cnf kwenye folda ya nyumbani, nje ya public_html, uliwekee ruhusa 600, yaani wewe peke yako ndiye ulisome na kuliandika:

```
[client]
user=mwambao_mtu
password="NENOSIRI"
```

Kisha kwenye Cron Jobs:

```
mysqldump --single-transaction --no-tablespaces --default-character-set=utf8mb4 mwambao_tovuti | gzip > /home/mwambao/nakala/tovuti-$(date +\%F).sql.gz
find /home/mwambao/nakala -name '*.sql.gz' -mtime +14 -delete
```

Kila amri iwe kazi yake. Ile alama ya mkwaju kabla ya asilimia si pambo: ndani ya cron asilimia ina maana nyingine, na ukiiacha mtupu amri inakatwa hapo. Iliwahi kunigharimu jioni nzima.

Na saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Ukitaka nakala saa tisa usiku wa Dar es Salaam au Nairobi, kwenye cron andika saa 0. Ukiandika 3, itachukuliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukiandika 9 kwa kufuata saa ya Kiswahili, seva itaanza kusaga saa sita mchana, watu wakiwa dukani.

Folda hiyo iko kwenye seva ileile, kwa hiyo ikiungua inaungua nayo. Mara moja kwa wiki shusha faili la mwisho uliweke kwingine. Kwa tovuti ya maandishi, faili lililokandamizwa mara nyingi ni dogo kuliko video moja ya WhatsApp. Kisingizio cha bando hakipo.

Kila baada ya miezi mitatu, rejesha nakala moja kwa majaribio. Unda hifadhidata mwambao_jaribio, pakia humo, halafu uliza:

```
SELECT COUNT(*), MAX(post_date) FROM wp_posts WHERE post_status='publish';
```

Linganisha na tovuti iliyo hewani. Hesabu zikikaribiana na tarehe ikiwa ya juzi, ifute hifadhidata ya majaribio uendelee na kazi zako. Kijana wa ajira sasa huifanya kila tarehe mosi, na hunitumia picha ya jibu bila kuniandikia neno.